Kizunguzungu Changu Si Mawazo

"Vipimo vyako vyote viko sawa. Punguza mawazo." Nimeambiwa hivyo mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimeshika ukuta nisianguke. Vipimo vyote vipi? Damu, presha, picha ya kichwa. Sikio la ndani, ndilo linalotunza mizani ya mwili, hakuna aliyeliuliza chochote.

Nalo likiulizwa hujibu, tena kwa macho! Siku nilipopata wa kunipima, nililazwa chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, nikavishwa miwani yenye kamera ndani, giza totoro. Maji ya nyuzi 30 yakamiminwa sikio la kulia. Punde kitanda kikaanza kuzunguka. Mpimaji akanitaka nitaje majina ya wanyama nisije nikasinzia (kusinzia! nami nimeng'ang'ania kingo za kitanda). Baadaye alinionyesha rekodi: macho yanateleza polepole kuelekea kulia, yanaruka kurudi kushoto, yanateleza, yanaruka. Kwa maji ya nyuzi 44 yaliruka upande wa pili. Kisha zamu ya sikio la kushoto. Maji ya baridi, macho kimya. Ya moto, kimya: sikio hilo ndilo lisilojibu. Nililia palepale, na si kwa huzuni.

Kinachoniudhi ni kwamba haya si mageni. Robert Bárány, daktari wa masikio, alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi hii hii, habari ikamkuta akiwa mateka wa vita Urusi. Alianzia kwa wagonjwa waliolalamika kizunguzungu kila alipowasafisha masikio kwa maji ya baridi mno au ya moto mno. Angeweza kuwaambia wapunguze mawazo. Akawatazama macho.

Haya, nakubali, kipimo chenyewe ni adha, wengine hutapika, na kinagusa mfereji mmoja tu kati ya mitatu ya mizani iliyomo ndani ya kila sikio. Ndiyo maana kuna vingine. Kipo cha mlio mkali sikioni, ambapo msuli wa shingo uliokazwa hulegea kidogo baada ya milisekunde 13 hivi. Kipo cha kugeuzwa kichwa ghafla huku umekazia macho pua ya daktari. Hicho hakihitaji hata umeme, kwa hiyo sijui kisingizio ni kipi.

Na ndiyo, mawazo huleta kizunguzungu. Ila hayachagui sikio la kushoto.

Ile karatasi ya michoro ya macho yangu siku hizi natembea nayo kwenye begi, imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo.