Dansi ya kisasa haijatangaza vita na simu

Mkaribishe mtu wa Dodoma kwenye dansi ya kisasa inayohusu simu na upweke, jibu analo tayari: wasanii hao wanalalamikia kitu kinachotulisha. Hoja hiyo ina uzito. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, mama aliyeko Kondoa anayehitaji dawa usiku huu hangoji basi la kesho. Aliyewahi kumkabidhi kondakta bahasha ya pesa kisha akabaki kumwomba Mungu, hatamani enzi hizo zirudi.

Hata hivyo bahasha ile ilihitaji mbebaji, na kama mbebaji ni ndugu, alifika nyumbani, akapewa maji, akaulizwa za mjini. Hapo ndipo mambo yalipomtoka: kijana wenu amekonda, kazi ile ameacha, siku hizi anaishi na mwanamke msiyemjua. Mtumaji hakuzituma habari hizo. Zilifika tu, kwa kuwa mtu alifika. Leo pesa inakuja peke yake, na habari zinazokuja ni zile alizochagua mwenye kutuma. Hesabu za miamala haziwezi kuonyesha pengo hilo. Mchezaji dansi anaweza: ananyoosha mikono kupokea, na mbele yake hakuna mtu.

Kwa hiyo anayesema wasanii hawa wanaipinga teknolojia amewasoma vibaya. Mtunzi wa dansi Mmarekani Merce Cunningham, aliyezaliwa 1919, alianza kutunga miondoko kwa programu ya kompyuta akiwa mzee, viungo vikimsumbua. Katika dansi yake BIPED ya mwaka 1999, miondoko ya wachezaji ilinaswa kwa kompyuta, na michoro ya mwanga iliyotokana nayo ikacheza pamoja na watu jukwaani. Mashine haikumwondoa mtu pale.

Kinachonifanya nisite ni treni ya SGR, iliyoanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Imewasogeza watumishi karibu na familia walizoziacha Dar, na hilo si dogo. Lakini pia imerahisisha kufanya kazi Dodoma miaka na miaka bila kumjua jirani wa mtaa wa Area C kwa jina. Sasa hapo tuseme urahisi umeunganisha au umetenga? Yote mawili, na dansi huweza kuyabeba yote mawili kwa pamoja vizuri kuliko hotuba.

Udhaifu wa kazi nyingi za aina hii ni uvivu. Mchezaji anamulikwa uso na skrini, wenzake wanampita, basi, tupige makofi. Nani hajui hilo? Mtunzi atakayeipeleka kazi yake Chamwino, mbele ya wanawake wa Kigogo waliozoea kupiga ngoma za muheme wakisikilizana ngoma kwa ngoma, atabanwa zaidi. Hao watataka kuona kama wachezaji wake, simu zikishazimwa, wanaweza kupokezana mdundo, au walikuwa na miondoko ya kulalamika tu.