Mwaka wa Maandalizi ya Usanifu Majengo: Nani Anauhitaji Kweli?

Wanafunzi wengi wa kigeni wanaotaka kusomea usanifu majengo Uingereza huambiwa waanze na mwaka wa maandalizi kabla ya shahada. Sababu inayotolewa ni ya kimfumo. Ukiiacha Scotland, shahada ya kwanza huko ni ya miaka 3 na hutarajia mwanafunzi aliyepitia A-level, mitihani ya mwisho ya sekondari huko, yaani aliyekwisha kubobea katika masomo matatu hivi. Anayetoka kwenye mfumo wa masomo saba au nane huonekana bado, hata alama zake ziwe za juu kiasi gani.

Kwangu sababu hiyo peke yake haitoshi. Kijana aliyefaulu vizuri hisabati na fizikia anarudishwa nyuma kwa sababu ya mpangilio wa cheti chake, na anayelipia ni familia: ada ya kiwango cha wageni, pango na matumizi ya mwaka mzima. Njia yenyewe tayari ni ndefu. Kwa miongo mingi msanifu wa Uingereza amepitia shahada ya miaka 3, uzamili wa miaka 2 na miezi 24 ya mafunzo kazini, kisha mtihani wa mwisho ndipo asajiliwe na ARB, bodi inayosajili wasanifu huko. Mwaka wa maandalizi haumo katika hesabu hiyo.

Lakini usanifu haufundishwi kama fizikia, na hapo ndipo mwaka huu unapopata utetezi wake wa kweli. Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, ilipofunguliwa mjini Weimar mwaka 1919, haikuchukua muda mwalimu wake Johannes Itten akaanzisha kozi ya awali iliyowatangulizia wanafunzi nyenzo, rangi na umbo kabla ya kuingia karakana. Baadaye mwalimu mwingine wa hapo, Josef Albers, aliwapa karatasi waikate na kuikunja bila kupoteza kipande, ili wagundue wenyewe nguvu iliyomo ndani yake. Aliyelelewa na mitihani yenye jibu moja sahihi anahitaji mazoezi ya namna hii: kuchora ili afikiri, kujenga modeli na kuibomoa, kubandika michoro ukutani na kuitetea mbele ya wakufunzi. Kuyajifunza hayo wakati alama bado haziingii kwenye shahada ni nafuu kubwa. Lugha nayo hupata muda wa kukua, maana viza ya kozi iliyo chini ya shahada hudai Kiingereza cha kiwango cha B1, ilhali ya shahada hudai B2, kiwango cha juu zaidi.

Tatizo ni kwamba si kila kozi yenye jina hilo ina studio ya kweli, yaani vipindi vya kuchora na kujenga modeli kwa vitendo. Nyingine huendeshwa na kampuni binafsi kwa niaba ya vyuo. Wiki hujaa lugha na uandishi wa insha, usanifu ukabaki somo moja kati ya mengi. Kulipia mwaka wa namna hiyo, naamini, ni kununua ruhusa ya kuingia tu. Kabla ya kulipa, uliza saa za studio kwa wiki, uliza kama wanaofundisha ni wasanifu, na upate kwa maandishi alama zinazotakiwa ili uendelee na shahada. Uliza pia kama vyuo vingine vinakitambua cheti hicho.

Mwenye B2, alama nzuri na jalada la michoro aliyoifanya kwa mkono wake aombe shahada moja kwa moja kwanza. Maandalizi yawe ombi lake la pili.