Walimu Wale Walituharibu

Jamani, niacheni niseme. Watu wakikaa barazani jioni na kahawa chungu, hamkosi kusikia: "Ah, walimu wetu wa zamani, Mungu awalipe!" Awalipe, amin. Na sie waliotuharibu, nani atatulipa? Mtu mzima na ndevu zake hawezi kununua kitu sokoni Marikiti akatoa pesa, akashika njia akaenda zake.

Chukua yule mwalimu wa hesabu, kila shule ilikuwa naye. Alikufunza kukagua jibu kwa kutoa tisa, yaani kujumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja, na maradhi hayo hayana dawa. Pakiti 23 za krispi za muhogo, kila moja shilingi 48, muuzaji asema 1,104. Wee badala ya kulipa, unaganda hapo wenye mikokoteni wakikupigia kelele: 4 na 8 ni 12, 1 na 2 ni 3. Upande wa pili, 2 na 3 ni 5. Tatu mara tano 15, 1 na 5 ni 6. Haya, jibu lake: 1, 1, 0, 4. Sita! Limekubali. Na ujanja wenyewe una tundu: tarakimu zikibadilishana nafasi hautambui. Akikuambia 1,014, nayo ni 6 vilevile, mwaagana kwa furaha na mtu keshapoteza shilingi 90. Mwalimu hilo alilieleza, ila kengele ya mapumziko ilikuwa ishalia.

Wa sayansi naye na chaki zake. Mpe mpya, kwanza aivunja katikati. Darasa zima likidhani ni ubahili. Kumbe chaki ndefu ikishikwa vibaya hukwama ikateleza, ikakwama ikateleza, upesi upesi, ndio ule mlio wa kutia ganzi meno. Ivunje, ilaze kidogo, yanyamaza. Masika ikiingia chaki hunyonya unyevu, yapita ubaoni bila kuacha alama, basi zaanikwa dirishani kama ng'onda. Sasa mtu aliyefunzwa hivyo, mpe kalamu ya ubao mweupe mkutanoni uone anavyoitazama kiunoni.

Na macho yao, lo! Yale mabuyu mekundu ya langoni, ukiyamung'unya katikati ya kipindi, mwalimu haulizi swali. "Toa ulimi." Ulimi mwekundu, vidole vyekundu, na dole gumba zima limepigwa muhuri kwenye ramani ya Bonde la Ufa. Hata ukinawa mikono, ulimi utaunawa na nini? Viboko vilipigwa marufuku Kenya 2001, na ilikuwa haki, lakini "toa ulimi" haikuhitaji kiboko.

Maalim wa chuoni, wa kutusomesha Kurani, ndiye sijui niseme nini. Watoto thelathini, kila mmoja na sura yake, wote wanapaza sauti kwa pamoja, yeye kafumba macho. Wewe ukiruka shada moja tu, ile alama ya kukaza herufi, lile jicho lafunguka, na lafungukia kwako.

Lakini aliyetumaliza ni wa Kiswahili. Insha ya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa dakika 40, alama 40, na barua rasmi bila anwani mbili usijisumbue kuikusanya. Mtihani wenyewe ulifanywa mara ya mwisho 2023, anwani hazijafa. Mifereji imekauka siku ya tatu, mtu ataka maji kwa muuza maji, aandika kwenye simu: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, "Kwa Bwana", mstari, kisha "KUH: UHABA WA MAJI" kwa herufi kubwa. Kwenye kioo kidogo cha simu ya muuza maji, kulia na kushoto vyachanganyika, aona majina ya mitaa tu, adhani ni matangazo. Ashuke mpaka aya ya tatu palipoandikwa madumu sita? Jirani, aliyekuwa akikaa nyuma kabisa darasani, ashatuma "leta maji", na anaoga.