Hakuwa jini, ilikuwa plasta

Kwa kuwa swahiba wangu ameshatangaza kwenye grupu kwamba nilipandisha jini mbele ya wakwe, wacheni niseme mwenyewe.

Mwanijua: mzaliwa wa Majengo, lakini hata feri ya Likoni hunitapisha. (Mnaocheka, nawaona.) Sasa nimealikwa na wakwe watarajiwa kwenda Wasini kwa boti. Binamu yangu, baharia wa meli za watalii, akanipa kiplasta cha duara. Kibandike nyuma ya sikio usiku wa kuamkia safari. Dawa yake, skopolamini, hupenya ngozi polepole ikaingia kwenye damu, na siku 3 hutapiki. Akaongeza, "Ukishakishika, nawa mikono kwa sabuni." Hiyo niliisikia kama tangazo la redio.

Asubuhi, joto la matatu mnalijua. Jasho linakibandua, mimi nakibonyeza. Nabonyeza, nafuta jicho. Nabonyeza, nafuta jicho. Hadi Shimoni.

Kwenye boti, wallahi, tumbo shwari! Niko hapo nawaonyesha watoto pomboo, mama mkwe akanigeukia na tabasamu lake. Likamkauka.

"Mwanangu, hebu ntazame."

Nikamtazama. Akatazama jicho la kushoto. Akatazama la kulia. Akarudi la kushoto. Mboni moja punje ya ufuta, ya pili kifungo cha koti. Boti nzima kimya. Nahodha naye kapunguza mashine. Binti mwenyewe akachungulia, akarudi nyuma akakaa karibu na babake.

"Soma Ayatul Kursi," akasema mama.

Tatizo ni kwamba dawa hiyo hukausha mate pia. Nikafungua kinywa, ulimi umegandamana na kaakaa, kikatoka: "Khhhh."

Mtu akapiga takbiri. Shangazi mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, nataka nini na nimetoka bahari gani. Kusema siwezi, nikaonyesha sikio.

"Yumo sikioni!"

Yaliyofuata ni ubani, maji ya kombe, na mfamasia wa Mwembe Tayari aliyecheka mpaka akatafuta kiti. Dawa ilitoka kwenye kidole ikaingia jichoni, ndiyo ikatanua mboni. Baada ya siku kadhaa itarudi yenyewe.

Posa haijavunjika, ila kila asubuhi natakiwa kutuma picha ya jicho. Ya leo imejibiwa: "Bado kubwa kidogo. Mama asema kesho ulifungue vizuri."