Watoto wanaozaliwa na kasoro Kigoma: kwanza tuwahesabu vizuri

Mtoto wa shangazi yangu alijifungulia kwenye zahanati moja ya vijiji vya ziwani, kule ambako ukitoka Kibirizi unapanda boti, na mtoto akatoka na mdomo sungura, mdomo wa juu umepasuka mpaka puani na kaakaa nalo limeachana. Mie nilifika siku ya tatu. Mtoto analia njaa, akinyonya maziwa yanatokea puani, mama yake kajifunika kitenge hataki mtu aingie, na bibi mzaa baba anasema kwa sauti kabisa kwamba kwenye ukoo wao hakijawahi kutokea kitu kama hicho. Nikaomba kuona kadi ya mtoto. Jinsia ipo, uzito kilo 2.9 upo, basi.

Nikamfuata nesi, nikamsalimia, nikamuuliza, dada samahani, na kwenye kitabu kikubwa cha leba umeandikaje? Akanifungulia bila ubaya wowote. Mtoto hai. Nikasema na ule mdomo je? Akanyamaza kidogo kisha akasema, dada yangu usiku ule nilikuwa peke yangu na wazazi watatu, nimeandika yale ya lazima.

Simlaumu, naandika hapa kwa moyo safi kabisa, mtu akiwa peke yake usiku na taa ya simu mkononi anaokoa maisha kwanza ndo anaandika. Lakini tangu siku ile hili jambo halijanitoka kichwani, maana yule mtoto kahesabiwa kwenye idadi ya waliozaliwa salama mkoa wa Kigoma, halafu kwenye idadi ya waliozaliwa na kasoro hayupo. Na mtu akikaa ofisini akapanga ni madaktari wangapi wa kushona midomo waje huku, au ni plasta ngumu ngapi, zile za kufungia mifupa, za kunyoosha miguu iliyozaliwa imepinda zinunuliwe, anapanga kwa kuangalia kile kitabu.

Sasa njoo Mwanga sokoni, hapa Kigoma mjini, ukae kidogo usikie watu wanavyosema kuhusu watoto hawa. Wamezidi siku hizi! Huyu anasema dawa za kupulizia mashambani, huyu anasema vidonge vya uzazi wa mpango, mwingine anasema mama alimcheka mlemavu akiwa na mimba. Mie nauliza swali moja tu, wamezidi kutoka wangapi? Hakuna anayejua walikuwa wangapi zamani. Na isitoshe zamani wengi walizaliwa nyumbani na wengine wakazikwa kimya kimya hata jirani hajui, leo watu wengi wanajifungulia kwenye vituo, ule utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha 81 kati ya kila vizazi 100 Tanzania vilikuwa kwenye kituo cha afya wakati ule wa 2015-16 walikuwa 63. Ukiwaona wengi zaidi inawezekana ni kwa sababu sasa wanaonekana, siyo kwamba wameongezeka.

Halafu kuna hili la namba ndogo, naomba mnivumilie hapa maana ndo panawachanganya wengi. Mdomo sungura unakadiriwa kama mtoto 1 kati ya 700 hivi. Chukua zahanati inayozalisha kina mama 300 kwa mwaka, ina maana inaweza kukaa miaka miwili na zaidi haijaona hata mmoja, halafu siku moja ndani ya mwezi mmoja wanatokea wawili na kijiji kizima kinaanza kumtafuta mchawi. Hakuna mchawi, ni bahati ya namba tu, ndo zinavyokwenda zikiwa chache. Ili ujue kweli kuna kitu lazima ukusanye vizazi vingi, maelfu, wilaya nzima au mkoa, ndo maana wataalamu wanasema wangapi katika kila vizazi 10,000. Juu unaweka waliozaliwa na kasoro, wazima na waliotoka wakiwa wamekufa, chini unaweka wote waliozaliwa. Ukiwa na namba ya juu bila ya chini hujahesabu kitu.

Na unahesabu kasoro ipi? Shirika la Afya Duniani linasema karibu watoto 6 kati ya 100 wanazaliwa na tatizo la kuzaliwa nalo, Wamarekani kwao wanasema 1 kati ya 33, yaani kama 3 kati ya 100. Hakuna aliyedanganya. Inategemea umeweka nini kwenye orodha na umemfuatilia mtoto mpaka lini. Mgongo wazi yaani uti wa mgongo haukufunga, mdomo sungura, mguu kifundo yaani wayo umepinda kwa ndani, mtoto asiye na njia ya haja, hivyo mkunga anaviona palepale akimgeuza mtoto vizuri. Tundu kwenye moyo halionekani, mtoto anaondoka leba anaonekana mzima na baada ya wiki au miezi ndo anaanza kuhema kwa shida na kutoka jasho akinyonya. Kwa hiyo ukihesabu pale leba tu, sawa, hesabu, ila useme wazi kwamba umehesabu vinavyoonekana kwa macho. Na mimba nyingi zenye kasoro kubwa zinatoka zenyewe mapema hata mama hajajua, hizo hakuna wa kuzipata, ndo maana namba tunayoweza kuipata ni ya waliofika siku ya kuzaliwa, siyo ya kasoro zote zilizotokea tumboni.

Kitu kingine kinachoniudhi ni watu kuchukua namba za hospitali kubwa na kusema huo ndo mkoa. Hospitali ya rufaa inapokea wale ambao vituo vidogo vimeshindwa, kesi ngumu kutoka Uvinza, Kasulu, Buhigwe, kila mahali zinaelekezwa pale, lazima asilimia itakuwa juu. Na yule aliyezaliwa nyumbani kijijini akafa siku ya pili hayupo kwenye namba yoyote.

Mtu atasema sisi masikini hatuwezi haya mambo. Jirani zetu Kampala wameweza, tangu 2015 kwenye hospitali nne wakunga wamefundishwa kumkagua kila mtoto kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo, wakiona kasoro wanaieleza na kupiga picha kwa ruhusa, halafu madaktari wanapitia kuhakikisha. Kinachotakiwa ni mikono iliyofundishwa, muda wa kumgeuza mtoto, na sehemu ya kuandika.

Na faida yake siyo ya makaratasi. Kuna ile dawa ya thalidomide, ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi 1957, wajawazito wakaipenda maana inatuliza kichefuchefu na kuleta usingizi, mpaka inaondolewa sokoni kule 1961 watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameshazaliwa na mikono na miguu mifupi au hawana kabisa. Miaka minne! Walioshtuka ni madaktari wachache waliokuwa makini, hapakuwa na daftari la kuwaambia kwamba aina hii ilikuwa nadra na ghafla imejaa. Baada ya hapo ndo nchi zikaanza kuweka madaftari rasmi, pale Atlanta, Marekani, walianza 1967. Sasa huku kwetu likiingia kitu kibaya kesho, iwe dawa au sumu yoyote, nani atashtuka, na atashtuka kwa kulinganisha na nini?

Lingine ni foliki asidi, ile vitamini wanayopewa wajawazito. Tangu 1991 ilishathibitishwa kwamba mama aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi akiitumia kabla ya mimba inayofuata na mwanzoni mwake, hatari inapungua kwa karibu robo tatu. Shida ni kwamba mfereji wa uti wa mgongo unafunga kama siku ya 28 tangu mimba itunge, wakati huo mama hajajua hata kama amebeba, na huku kwetu wengi kliniki wanakwenda tumbo likiwa limeshaonekana. Ndo maana serikali ilitoa kanuni 2011 za kuongeza virutubisho kwenye unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Vizuri sana. Ila sisi Kigoma tunakula ugali wa muhogo, na hata mahindi tunapeleka wenyewe mashine ya jirani tunasaga tunarudi na ndoo kichwani, hicho kirutubisho kinaingilia wapi? Mie naamini tuna watoto wa mgongo wazi ambao wangeweza kuzuilika, ila siwezi kuthibitisha kwa namba, na bila namba mtu wa ofisini ana haki ya kuniambia nimeota.

Ninachoomba ni kidogo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba waulize na waandike, aliyezaliwa nyumbani naye aingie, aliyetoka akiwa amekufa naye aangaliwe kabla hajafunikwa. Na sisi ndugu tuache kuwaficha, maana mtoto anafichwa kwa aibu mpaka muda wa kutibika kirahisi unapita.

Wakati narudi, kwenye boti, mama mmoja alinisikia naongea haya akanivuta pembeni. Ana mjukuu wa miaka minne anakanyagia ubavu wa miguu yote miwili, alizaliwa nyumbani hivyohivyo, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba plasta za kila wiki zikianza mtoto akiwa mchanga zinanyoosha. Nilimuuliza kama kuna mahali popote ameandikwa. Akafikiria, akasema labda kanisani, siku ya ubatizo.