Reli ya Sherman: mlinzi au fundi?

Tarehe 12 Agosti 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, askari wa farasi wa John Hunt Morgan, kamanda wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, waliingia Gallatin, Tennessee, wakawateka walinzi wa Kaskazini wa reli ya Louisville hadi Nashville karibu bila kufyatua risasi. Wakayatia moto mabehewa yaliyojaa mizigo, wakayasukuma ndani ya handaki la reli nje ya mji. Magogo yaliyoshikilia paa yakaungua, mwamba ukaporomoka. Treni hazikupita hapo kwa zaidi ya miezi mitatu.

Kuanzia hapo majenerali wa Kaskazini hawakuacha kubishana: askari wangapi wapelekwe kulinda vyuma vilivyolala porini, na je, wataweza?

Wanaoona ulinzi ni kupoteza watu wana hoja nzito. Mwaka 1864 Sherman, jenerali wa Kaskazini, aliposhuka kuiendea Atlanta, tegemeo lake lilikuwa njia moja tu ya reli, maili 473 kutoka Louisville, yaani kilomita 760 hivi. Mvamizi ndiye anayechagua saa na mahali. Ukiwatawanya walinzi kila daraja, kila kikundi kinakuwa kitoweo cha adui anayekuja na maelfu. Ndivyo ilivyotokea Sulphur Branch, kaskazini mwa Alabama, tarehe 25 Septemba 1864. Daraja refu la magogo lilipita bondeni, na ngome ya kulilinda ilijengwa mahali panapotazamwa na vilima vilivyo juu yake. Nathan Bedford Forrest, jenerali wa Kusini, akapandisha mizinga huko vilimani. Kamanda wa ngome, Kanali Lathrop, akauawa, na walinzi karibu 1,000 wakaangamia au kutekwa. Miongoni mwao walikuwa mamia ya askari weusi. Weusi waliotekwa walipelekwa mji wa bandari wa Mobile kujenga maboma ya jeshi lilelile lililokuwa likipigania utumwa. Anayeiita kazi ya kulinda reli kazi nyepesi ya nyuma ya mstari aanzie hapo.

Lakini farasi naye ana udhaifu wake: hana muda. Kuharibu reli sawasawa ni kibarua. Ung'oe mataruma, uyarundike, uwashe moto, ulaze chuma juu yake mpaka katikati kiwe chekundu, ndipo ukipinde. Na kupinda tu hakutoshi, maana chuma kilichopinda hunyooshwa. Kilichosokotwa kama kamba ndicho kisichofaa tena. Mpanda farasi anayefukuzwa hana saa za kufanya hayo yote. Sherman mwenyewe alilionja hilo alipomtuma Jenerali Kilpatrick na askari wa farasi kukata reli ya adui kusini mwa Atlanta. Kilpatrick alirudi tarehe 22 Agosti akidai itachukua siku kumi kutengenezwa. Tarehe 23 treni zilionekana zikiingia mjini.

Kwa hiyo kipimo cha mlinzi ni saa ngapi anamlia mvamizi. Hapo mhandisi William Merrill alifanya kazi ya maana. Alijenga maboma ya magogo penye madaraja, yenye matundu ya kufyatulia risasi, matangi ya maji na vitanda ndani. Kuta za safu moja zilizuia risasi za bunduki. Baadaye akaongeza safu ya pili, unene ukafika karibu mita moja, ili zihimili hata mizinga midogo. Mbele ya kitu kama hicho, farasi na upanga ni mapambo.

Sifa kubwa zaidi huwaendea mafundi wa McCallum, mkuu wa reli za kijeshi za Kaskazini, na si bure. Daraja la mto Chattahoochee, urefu mita 238 na kimo mita 28, walilisimamisha upya kwa siku nne na nusu. Ila nadhani sifa hizo zimezidi upande mmoja. Fundi hachongi magogo huku anapigwa risasi, na handaki lililoporomoka halina vipuri ghalani. Kwa maoni yangu, mahandaki na madaraja makubwa yalistahili maboma mazito. Reli tambarare ingeachiwa mafundi.

Wanaopinga ulinzi humwita Sherman shahidi. Tarehe 9 Oktoba 1864 alimwandikia Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, kwamba kuilinda reli haiwezekani kabisa, na kwamba kujaribu kutagharimu watu 1,000 kila mwezi bila faida. Sawa, lakini huyo ni mtu aliyekuwa akiomba ruhusa ya kuiacha Atlanta aende baharini. Reli hiyohiyo, kwa hesabu yake mwenyewe, ilikuwa imewalisha watu 100,000 na wanyama 35,000 kwa siku 196. Bila reli, alisema, angehitaji magari 36,800, kila moja likivutwa na nyumbu sita.

Yeye akaondoka, walinzi wakabaki. Tarehe 2 Desemba, boma namba 2 kwenye kijito cha Mill, jirani na Nashville, lilipigwa mizinga mpaka giza likaingia. Usiku, risasi zikikaribia kwisha, waliokuwa ndani wakatoka kimyakimya, wakapita katikati ya adui, wakaingia mjini Nashville kabla hakujapambazuka vizuri.