Beki aliyegeuka daktari wa ubongo na uti wa mgongo

Nimesoma makala yenu kuhusu Myron Rolle, beki wa mpira wa Kimarekani ambaye sasa ni daktari wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Pale penye uzito mmepita haraka mno. Mwaka 2009 angeweza kwenda moja kwa moja kwenye ligi ya kulipwa, lakini akatangulia Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kwa ufadhili wa masomo wa Rhodes. Tennessee Titans, timu ya ligi hiyo, wakamchagua mwaka 2010, raundi ya 6 ya uteuzi wa wachezaji wapya, na hakucheza hata mechi moja ya msimu. Akarudi Florida State, chuo kikuu alichochezea mwanzo, kusomea udaktari, akahitimu 2017, kisha ndiyo ikaanza ile miaka mingi ya mafunzo ya upasuaji.

Huku Tanga habari hii inatugusa. Kuna ajali za bodaboda, kuna wakwezi wanaodondoka minazini. Majeruhi anabebwa mikono na miguu, anaingizwa kwenye bajaji shingo ikining'inia, na mfupa uliovunjika unaumiza neva zilizokuwa bado salama. Jamani, mlazeni juu ya ubao, kichwa kishikwe kisicheze! Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, wanajitahidi, ila upasuaji mkubwa wa mgongo mara nyingi ni rufaa hadi MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300.

Vijana wetu wa uwanja wa Mkwakwani wapo wenye kipaji cha mpira na wenye alama nzuri za baiolojia pia, na wengi huambiwa wachague kimoja. Mhariri, mtafuteni daktari wa MOI awaeleze njia hiyo kwa hapa nchini: miaka mingapi, ada kiasi gani, mikopo inapatikanaje.